Mchungaji asema hivi, mume asema vile: kura yangu naiamuaje?

*“Naishi Nakuru, nina watoto watatu, na nimeokoka. Mwaka 2022 mchungaji wetu alituambia wazi kwamba mgombea mmoja ndiye chaguo la Mungu, nami nikampigia. Sasa 2027 inakaribia na maneno yameanza tena, safari hii kwa upande mwingine. Mume wangu anasema nisijisumbue, Wakenya hupiga kura kwa kabila na dini ni pambo tu. Mchungaji naye anasema anayekwenda kinyume na sauti ya madhabahu anajitafutia laana. Mama mkwe wangu hajui kusoma, na mzee mmoja wa kanisa ameshajitolea kumsaidia yeye na akina mama wengine siku ya kura. Sitaki kumkosea Mungu, lakini sitaki kutumiwa pia. Ni imani yangu inayochagua, au ni siasa? Nitajuaje?”*

Dada, umeuliza jambo moja lakini ndani yake yamo matatu. Unataka kujua ni nini hasa kinachousukuma mkono wako ukiwa ndani ya kibanda cha kura. Unataka kujua utaitenganishaje imani yako na maneno ya wanaoitumia. Halafu kuna tishio la laana na suala la mama mkwe, ambayo ni mambo ya sheria na yanahitaji hatua mapema. Naanza na la kwanza, kwa sababu mume wako na mchungaji wako wote wana nusu ya ukweli.

Mume wako ana ushahidi mzito. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na karibu asilimia 11 ni Waislamu. Kama dini peke yake ndiyo ingekuwa inapanga kura, chaguzi zetu zingekuwa na sura nyingine kabisa. Mkatoliki wa Murang'a na Mkatoliki wa Homa Bay husikiliza masomo yaleyale Jumapili ileile, lakini tangu vyama vingi virudi kura zao za urais mara nyingi zimekwenda pande mbili. Waislamu ni vivyo hivyo: mwaka 2013 Mombasa na Kwale zilimpa Raila Odinga kura nyingi, Mandera ikammiminia Uhuru Kenyatta. Ukitandaza ramani ya matokeo mezani, unaona makabila na miungano ya vigogo wao. Mume wako hajakosea kuona hivyo.

Anakosea anaposema dini ni pambo. Dini kwa kawaida haikupi jina la mgombea. Inakupa swali la kumpimia. Mtafiti John McCauley alifanya majaribio Côte d'Ivoire na Ghana, yakachapishwa mwaka 2014. Watu walisikilizishwa taarifa za redio, wengine za kuwakumbusha kabila lao na wengine dini yao. Waliokumbushwa kabila walitanguliza maendeleo ya kwao. Waliokumbushwa dini walitanguliza maadili: mwenendo wa kiongozi na sheria zinazogusa tabia za watu. Nchi ni ileile na shida ni zilezile, lakini kilichoamshwa kichwani kilibadilisha kipimo. Ndiyo maana mwanasiasa huahidi lami Jumamosi sokoni, na Jumapili akisimama kanisani huzungumzia ndoa na familia. Anajua ni swali gani unalo moyoni kila anapokukuta.

Basi dini huleta swali, na jibu mara nyingi hutoka kwenye mtazamo wa kisiasa ulio nao tayari: nani ni mtu wetu, nani alitudhulumu, nani anasema kweli. Ukitaka kuona mambo haya mawili yakivutana waziwazi, rudi kwenye kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010.

Katiba iliyopendekezwa ilipingwa na NCCK, yaani baraza la kitaifa la makanisa, na maaskofu Wakatoliki, na makanisa mengi ya kievanjeliko. Hoja zao kubwa zilikuwa mbili: kifungu cha 26(4) kuhusu utoaji mimba, na kifungu cha 170 kuhusu mahakama za Kadhi. Yalihubiriwa kwa miezi. Waumini wengi waliamini kwamba mahakama za Kadhi zinaingizwa nchini kwa mara ya kwanza, na hilo halikuwa kweli. Zilikuwamo kwenye katiba ya uhuru ya 1963, kutokana na makubaliano ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, kuhusu ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani. Mamlaka yake ni finyu: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele ya Kadhi. Kuhusu mimba, kifungu kinaanza kwa kukataza, kisha kinataja mazingira ambayo mhudumu wa afya aliyehitimu anaweza kuona kuna dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Mtu anaweza kwa dhamiri safi kuyapinga maneno hayo. Asichoweza ni kuyajadili bila kuyasoma, na wengi hawakuyasoma.

Kisha kura zikahesabiwa, na zaidi ya theluthi mbili wakasema Ndiyo. Katika nchi yenye Wakristo wengi kiasi hicho, haiwezekani matokeo hayo yawe yamepatikana bila mamilioni ya waumini kusikiliza mahubiri ya kupinga, kuitikia amina, na kwenda kuweka alama kwenye kijani, rangi ya Ndiyo. Nyanza na Mkoa wa Kati, ambako Raila Odinga na Mwai Kibaki walikuwa wakihimiza Ndiyo, zilikubali kwa kishindo. Bonde la Ufa, ambako William Ruto aliongoza kambi ya Hapana, kwa jumla lilikataa. Mahubiri yalikuwa yaleyale Kisumu na Eldoret. Yalipolingana na sauti ya kiongozi wa kisiasa wa eneo, yalionekana kuwa na nguvu. Yalipopingana nayo, yaliwekwa kando bila mtu kuhama kanisa.

Hapo mchungaji wako anapata jibu lake pia. Madhabahu haina uwezo wa kuamuru kura ambao wengi wanaidhania kuwa nao, wanasiasa wakiwa wa kwanza. Ina uwezo mkubwa zaidi inapotaja jambo ambalo watu wameshalionja. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wa Malawi walitoa waraka wa Kwaresima uliosomwa makanisani ukikemea umaskini, hali ya elimu na afya, na kunyimwa uhuru wa kusema chini ya Kamuzu Banda. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Waraka haukuwaambia watu kitu wasichokijua. Uliwapa ujasiri wa kukisema.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu zaidi, maana hii inakuhusu wewe na mimi na kila mtu. Tunapenda kuamini kwamba tunaanza na imani kisha tunapata msimamo wa kisiasa. Mara nyingi huwa kinyume: tunaanza na upande, kisha tunatafuta aya. Mtu wetu akiwa Ikulu, Warumi 13 na utii kwa mamlaka husomwa sana. Mtu wetu akishindwa, tunahamia Isaya 10 na ole wa watunga sheria dhalimu. Aya zote mbili zimo kwenye Biblia. Kinachobadilika ni ipi tunaifungua, na anayetuchagulia ukurasa ni chama.

Mwaka 2007 lilitokea jambo linaloonyesha hali hii vizuri. Mwezi wa Agosti Raila alitia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF. Baadaye ikasambazwa nakala ya kughushi iliyodai kwamba ameahidi kuleta sharia. Makubaliano halisi yalihusu ubaguzi dhidi ya Waislamu, na watu waliokuwa wakikamatwa na kupelekwa nje ya nchi bila utaratibu wa sheria. Lakini karatasi ya namna hiyo haifiki kwa mtu aliye mtupu. Aliyekwisha kumwogopa Raila aliipokea kama uthibitisho, na aliyempenda akaiita propaganda, bila yeyote kati yao kuhitaji kuiona nakala halisi. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande na hivyo wakashindwa kuikabili hali. Maungamo yale yanastahili kusomwa upya kila tunapokaribia uchaguzi.

Kuelekea uchaguzi wa 2013 mambo yalichukua sura nyingine. Kesi za Uhuru Kenyatta na William Ruto kuhusu ghasia zile, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, zilizungukwa na mikutano ya maombi. Swali lililopaswa kuwa la kisheria, yaani nini kilitokea na nani awajibike, likageuka kuwa simulizi ya wenye haki wanaoonewa na adui wa mbali. Waumini waliokuwa tayari upande wao walilipokea hivyo. Na 2022, simulizi ya Ruto ya hasla, yaani mtu wa chini anayejitafutia riziki, iliungana barabara na mahubiri ya makanisa mengi ya kipentekoste: kijana aliyeuza kuku kando ya reli, Mungu akamwinua kutoka mavumbini kama katika wimbo wa Hana. Wapo waliompigia Ruto kwa sababu ya sera za uchumi, wapo waliompigia kwa sababu ya kabila na miungano, na wapo ambao wasifu wake ulifanana na ushuhuda waliousikia kila Jumapili. Alipata asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, tofauti ya kura kama 233,000 hivi. Kwa mwanya mdogo namna hiyo, hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba kanisa halikuwa na uzito, wala hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ndilo lililoamua.

Usijilaumu kwa kumsikiliza mchungaji mwaka ule. Hakuna mtu wa kawaida mwenye muda wa kusoma manifesto za vyama vyote, kwa hiyo sote hutafuta mtu wa kumwamini, na hilo ni jambo la busara. Tatizo hujitokeza pale kuaminiwa kwa mtu katika jambo moja kunapohamishiwa jambo lingine. Mchungaji amekuombea mtoto akiwa mgonjwa, amezika wazazi wa watu, ameketi na familia zenye majonzi. Kwa hayo anastahili kuaminiwa. Hayo hayampi ujuzi wa ziada juu ya deni la taifa au bajeti ya Kaunti ya Nakuru. Tena mahubiri yana sifa moja ambayo mkutano wa kampeni hauna: hakuna anayenyanyua mkono kupinga. Unasikia upande mmoja, wiki baada ya wiki, ukiwa umezungukwa na watu unaowapenda wanaotikisa vichwa kukubali. Katika hali hiyo hata mtu makini huanza kuliona wazo la mwenzake kuwa lake.

Aina ya mahubiri nayo ina athari, hata pale jina la mgombea halitajwi. Utafiti uliofanywa Nairobi na Gwyneth McClendon na Rachel Riedl, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watu waliosikilizishwa ujumbe wa kidini wa kuwatia moyo kuwa wana thamani na wanaweza walikuwa wepesi zaidi kuchukua hatua ya kiraia, kama kutuma ujumbe mfupi kuunga mkono kampeni. Kwa hiyo jiulize pia mahubiri yanakuacha vipi ukitoka: na nguvu ya kushiriki, au na hofu ya kukosea.

Halafu kuna fedha. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana la Kenya (ACK) aliwakataza wanasiasa kuhutubia kwenye ibada, na maaskofu Wakatoliki wakachukua msimamo kama huo siku chache baadaye. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais kwenye parokia moja ya Soweto yarudishwe, miezi michache tu baada ya vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha kuanza kuuliza kwa sauti kwa nini wanasiasa wanapewa kipaza sauti kanisani. Unapowaza kwa nini “sauti ya madhabahu” imehama upande tangu 2022, una haki ya kuuliza kwa adabu: mabati, basi au vipaza sauti vya kanisa letu vimechangiwa na nani, na lini? Huenda jibu likawa safi kabisa. Huenda mchungaji amebadilika kwa sababu maisha yamepanda na yeye anaona waumini wake wanavyotaabika. Lakini swali ni halali, na kanisa lenye vitabu safi halioni taabu kulijibu.

Kwa Watanzania wanaosoma jibu hili: kwenu mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza vyama vya kidini, sensa haijauliza dini tangu 1967, na kumekuwa na mazoea, ambayo hayamo kwenye sheria yoyote, ya marais Wakristo na Waislamu kupokezana tangu Nyerere na Mwinyi. Hayo yamepunguza hesabu za “sisi wangapi, wao wangapi”, ingawa hayajaondoa mijadala ya udini. Kenya pia kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 91 kinazuia chama kuundwa kwa msingi wa dini au kabila. Islamic Party of Kenya, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1992, ilinyimwa usajili kwa hoja hiyo ya dini, kabla hata ya katiba hii.

Turudi kwako. Utajuaje kama ni imani yako inayochagua? Njia ninayoipendekeza inahitaji daftari na jioni mbili.

Chukua kauli ya kisiasa uliyoisikia kanisani na uigawe sehemu tatu. Ya kwanza ni kanuni ya imani, kwa mfano “uhai ni mtakatifu”. Ya pili ni dai la ukweli: “mgombea huyu atahalalisha utoaji mimba”. Ya tatu ni hitimisho: “basi usimpigie”. Kwenye kanuni, mchungaji wako ana mamlaka ya kukufundisha. Kwenye dai la ukweli, anapaswa kuwa na ushahidi kama mtu mwingine yeyote: mgombea alisema wapi, alipiga kura gani bungeni, sheria yenyewe inasemaje. Kwenye hitimisho, uamuzi ni wako, kwa sababu mtu anaweza kukubali kanuni na ukweli wote na bado akapima kwamba wizi wa dawa hospitalini unaua wengi zaidi. Utashangaa ni mara ngapi sehemu ya pili haipo kabisa. Kanuni inatajwa, watu wanaitikia, na jina la mgombea linafuata papo hapo. Na kauli ya “chaguo la Mungu” haiwezi kupimwa kwa njia yoyote: akishinda ni mapenzi ya Mungu, akishindwa ni watu wameasi. Kauli isiyoweza kuonekana kuwa ya uongo kwa matokeo yoyote haikupi taarifa ya kupigia kura.

Kisha geuza majina. Andika kosa au sifa ya mgombea unayempenda, halafu umpe mpinzani wake kosa hilohilo. Je, bado ungemsamehe? Je, sifa ileile ingekuvutia kama angekuwa wa kabila lingine au dini nyingine? Fanya hivi kwa maandishi. Kichwani tunajidanganya kwa urahisi sana, lakini karatasi inaonyesha mistari miwili yenye kosa moja na hukumu mbili. Penye hukumu mbili, ujue hapo imani haikuwa ndiyo inayopima.

Jambo la tatu husahaulika mno, na kwangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Siku ya kura hupewi karatasi moja. Unapewa sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti, na mwakilishi wa wadi. Kila kiti kina mamlaka yake, na kipimo cha kiimani kinapaswa kwenda kwenye kiti kinachohusika. Sheria za ndoa, mimba na makosa ya jinai hutungwa na Bunge na hutafsiriwa na mahakama. Mwakilishi wa wadi hana la kufanya juu yake, kwa hiyo kumchagua au kumkataa kwa msimamo wake kuhusu mimba ni kupoteza karatasi hiyo. Lakini ukisoma Jedwali la Nne la Katiba utaona kwamba kaunti ndizo zinazoshika zahanati, chekechea, maji, barabara za kaunti, na pia leseni za pombe. Mama anayelia na Mungu juu ya vijana wa mtaa wanaoharibikiwa na pombe anapaswa kumhoji mgombea wa wadi na wa ugavana kuhusu leseni za baa karibu na shule. Hapo imani yake ina mlango halisi wa kuingilia, na karibu hakuna mahubiri yanayomwelekeza huko.

Kama unataka kipimo cha Maandiko kisichotegemea chama, kipo Kutoka 18:21, ushauri wa Yethro kwa Musa alipokuwa akiteua viongozi. Sifa zinazotajwa ni nne: uwezo, kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia mapato ya udhalimu. Kwenye kampeni zetu huzungumzwa moja tu, kumcha Mungu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote kuigiza kwa kupiga magoti mbele ya kamera. Zile tatu zina nyaraka. Kwa aliyewahi kushika ofisi ya kaunti, ripoti za kila mwaka za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na zile za Msimamizi wa Bajeti zinapatikana bure kwenye tovuti zao. Tafuta ya Nakuru, usome mambo matatu: madeni ya wakandarasi ambayo hayajalipwa, fedha za maendeleo zilizotengwa zikilinganishwa na zilizotumika, na matumizi ambayo mkaguzi hakuonyeshwa stakabadhi. Kwa mbunge, kumbukumbu rasmi za Bunge zinaonyesha alichosema. Kwa mgombea mpya asiye na rekodi, uliza aliwahi kushika fedha za watu wapi, iwe chama cha akiba, shule au kamati ya maji, na uwatafute waliokuwa naye.

Sasa tupime njia ulizo nazo. Unaweza kumfuata mchungaji. Ni njia yenye amani kwenye ushirika, lakini siku akikosea utakuwa umekosea pamoja naye bila kujua kwa nini. Unaweza kumfuata mume wako na kupiga kura ya kabila. Kuna mantiki ndani yake, maana mahali ambapo maendeleo yamegawiwa kwa kujuana, watu huogopa kuachwa nje, na hofu hiyo si ujinga. Gharama yake ni kwamba kiongozi anayejua kura zako ni zake tayari hana sababu ya kukufanyia kazi. Unaweza kuacha kupiga kura. Hilo ni haki yako pia, ila viti vyote sita vitajazwa bila wewe. Au unaweza kupiga kura kiti kwa kiti, imani yako ikiweka kipimo na nyaraka zikijaza majibu. Mimi naona hii ya mwisho ndiyo inayoiheshimu imani yako zaidi, ingawa ina kazi, na inaweza kukupa karatasi sita za vyama vitatu tofauti. Usiogope hilo.

Na usitegemee kwamba itakutoa kabisa kwenye kabila na upande. Hakuna anayetoka kabisa. Lengo ni ujue ni wapi unapima na ni wapi unafuata tu.

Nimalizie na sheria, kwa sababu hapa kuna mambo ya kufanya. Mchungaji ana uhuru wa kufundisha kanuni, hata wa kusema yeye binafsi anampenda nani. Kutisha ni jambo lingine. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 10 kuhusu ushawishi usiofaa, inataja kutumia au kutishia madhara ya kimwili, ya mali na pia ya kiroho ili kumlazimisha mtu apige kura kwa namna fulani. “Utalaaniwa usipompigia fulani” ni kauli inayoweza kuangukia hapo. Sikushauri uanze na polisi. Anza kwa kuwaona wazee wa kanisa au askofu anayemsimamia mchungaji, mkiwa wawili au watatu, mkiwa mmeandika maneno yaliyosemwa na tarehe. Mara nyingi hukomea hapo. Yakiendelea, au mtu akinyimwa ushirika, msaada au huduma kwa ajili ya kura, peleka maandishi hayo kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako au kituo cha polisi, na kama unaweza umwone wakili kwanza. Uchochezi dhidi ya kabila au dini nyingine hupelekwa NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa. Kama shinikizo liko nyumbani na linaambatana na vitisho vya kupigwa au kufukuzwa, hilo halisubiri uchaguzi. Nenda kwenye dawati la jinsia la polisi au kwa chifu upesi.

Kura yako ni siri. Kifungu cha 81 cha Katiba kinataka uchaguzi wa kura ya siri usio na vitisho wala ushawishi usiofaa. Hakuna mchungaji, mume wala wakala anayeweza kujua ulivyochagua kama hukumwambia. Usikubali ombi la mtu yeyote la kupiga picha karatasi yako kama “ushahidi”.

Kuhusu mama mkwe, huenda hahitaji msaidizi kabisa. Karatasi zetu zina jina la mgombea, picha yake na alama ya chama, kwa hiyo asiyejua kusoma anaweza kuchagua kwa macho. Kaa naye wiki kadhaa kabla, mkitumia picha na alama za vyama, ajizoeze kuweka alama moja ndani ya kisanduku kimoja, mara sita. Bado asipoweza peke yake, kanuni zinampa haki ya kuja na msaidizi anayemchagua yeye mwenyewe, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, asiye mgombea wala wakala, ambaye ataapa kutunza siri mbele ya msimamizi wa kituo. Msaidizi huyo anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu, kwa hiyo mzee wa kanisa aliyejitolea kusaidia akina mama kadhaa hawezi kufanya hivyo kihalali. Mama akifika bila mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mawakala wakishuhudia. Muulizeni yeye mwenyewe anamtaka nani, wewe, mwanawe au mjukuu aliyetimiza miaka, na mumwambie mapema yule mzee, kwa shukrani, kwamba familia imeshajipanga. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo hakikisha jina la mama na lako yamo kwenye daftari, na kwamba kitambulisho chake hakijapotea.